Watoto wa Edinah Si Chambo

Edinah alikuwa mpishi katika hoteli ndogo karibu na soko la Kitale. Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati, yenye meza chache na benchi nje. Wateja wake walikuwa wauzaji wa mahindi, mafundi wa baiskeli na watu waliokuja mjini kwa shughuli zao. Walipenda chapati za Edinah kwa sababu zilibaki laini hata zikipoa.

Edinah alikuwa na watoto wawili. Vivian alikuwa na miaka kumi, na Derrick alikuwa na miaka sita. Kila asubuhi walipitia hotelini wakienda shule. Edinah alitoka jikoni, akamfunga Derrick kamba za viatu, kisha akamkagua Vivian shingoni kuona kama ameoga vizuri.

"Mama, watu wanaona!" Vivian alinung'unika.

"Wacha waone. Waone una shingo safi."

Waliishi katika chumba kimoja mtaa wa Tuwani. Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa Nafisa, fundi wa kushona sare za shule. Edinah akichelewa kazini, watoto walifanya kazi ya shule kwenye mkeka wa Nafisa, huku cherehani ikilia kando yao. Maisha hayakuwa rahisi. Lakini watoto walikula, walisoma, walicheka, na walilala bila hofu.

Bila hofu. Kwa Edinah, hilo lilikuwa jambo kubwa. Zamani aliishi Kanduyi, pale Bungoma, na mume wake Jotham. Jotham alikuwa na duka la mbao na misumari. Mbele ya wateja alikuwa mtu wa maneno matamu. Nyumbani alipiga. Siku moja alimpiga Edinah hadi mkono wake ukavunjika. Derrick alikuwa bado mchanga mgongoni. Mkono ulipopona, Edinah alichukua watoto wake akaenda Kitale, mahali ambapo rafiki yake alikuwa amempatia kazi ya jikoni.

Kwa muda mrefu Jotham hakupiga simu. Hakuuliza watoto wanakula nini. Hakuuliza kama wanasoma. Halafu, likizo ya Agosti ilipofika, simu ya Edinah ililia.

"Mama Vivian, habari ya siku nyingi," Jotham alisema kwa upole. "Mama yangu amezeeka. Anawalilia wajukuu wake. Si uwalete Sirisia wakae naye wiki moja tu?"

Edinah alifikiri sana. Nasike, mama yake Jotham, alikuwa amewapenda watoto hao tangu wazaliwe. Wao walimwita Kukhu, kama watoto wengi wa Bungoma wanavyomwita nyanya yao. Edinah hakutaka wamsahau. Basi aliwafulia nguo, akawapeleka mwenyewe hadi Sirisia, akawaacha mikononi mwa Nasike.

Wiki ilipita. Shule zilifunguliwa. Watoto hawakurudi.

Edinah alimpigia Jotham simu. "Watoto wangu wako wapi? Shule imeanza."

"Wako kwao," Jotham alijibu. Ule upole ulikuwa umekwisha. "Na wewe kwenu ni hapa. Mlango uko wazi. Ukuje na begi yako, utawapata."

"Unasema nini?"

"Ukitaka watoto, rudi. Hutaki kurudi, sahau watoto. Hiyo ndiyo maneno yangu." Akakata simu.

Edinah alibaki ameshika simu. Sasa alielewa. Jotham hakuwa amewachukua watoto kwa sababu aliwapenda. Aliwachukua ili amvute mama yao, kama mtu anayeweka chambo kwenye ndoano.

Kesho yake alikwenda Sirisia. Alipokaribia boma la Nasike, alimwona Vivian akitoka mtoni na mtungi wa maji kichwani. Ilikuwa siku ya shule. Saa hiyo wenzake walikuwa darasani.

"Vivi! Mbona hujaenda shule?"

Vivian aliweka mtungi chini akamkimbilia. "Baba alisema tutaandikishwa shule ya huku. Bado hatujaandikishwa. Mama, umekuja kutuchukua?"

Kabla Edinah hajajibu, Jotham alitoka kwenye boma. Alimvuta Vivian kwa bega, akamwingiza ndani, akafunga lango. Derrick alisikika akilia nyuma ya ua. Nasike alisimama mlangoni mwa nyumba yake. Alimtazama Edinah mara moja, kisha akainamisha uso.

"Jotham, fungua!" Edinah alipaza sauti. "Hao ni watoto wangu!"

"Ng'ombe zilitoka kwa hii boma kwenda kwa baba yako," Jotham alisema. "Watoto ni wa boma. Wewe ulitoroka. Nani alikufukuza?"

Nani alikufukuza! Mtu aliyemvunja mkono ndiye aliyeuliza swali hilo, tena kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Edinah alikwenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza huku akitafuta kitu kwenye simu yake.

"Hiyo ni mambo ya nyumba, mama," alisema. "Si urudi kwa bwanako? Watoto wanataka wazazi wawili."

"Alinivunja mkono."

"Hata mimi na mke wangu tunakosana."

Edinah alitoka akaenda kituo kimoja cha polisi. Askari wa zamu alimwambia maneno yale yale. Ati baba hawezi kuiba watoto wake mwenyewe. Ati waende wakaelewane. Njiani alikutana na pasta aliyewafungisha ndoa. Pasta akamwambia asamehe, arudi, aombe.

Hebu tazama jambo hili lilivyo la kuudhi. Watu watatu wenye heshima zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto wanataka nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi anabeba maji wakati wa masomo. Hakuna aliyemwita Jotham amuulize kuhusu ule mkono. Wote watatu walimwona mama aliyekosea kwa kuondoka.

Edinah alirudi Tuwani akiwa na hasira. Alimkuta Nafisa akishona.

"Kesho naenda na vijana wawili wa bodaboda," alisema. "Vivian akienda mtoni, nawabeba wote wawili. Akija kunizuia, tutajuana!"

Nafisa aliacha cherehani. "Dada, una haki ya kukasirika. Hata mimi hapa damu inachemka. Lakini fikiria. Utavuta mkono huu, yeye atavuta ule. Derrick atakuwa katikati. Akianguka kwenye boda je? Na Jotham atasema nini? Atasema wewe ndiye mwizi wa watoto."

"Sasa nifanye nini? Nimeenda kila mahali!"

"Hujaenda kila mahali. Kuna ofisi ya watoto hapa mjini. Mimi hupeleka sare huko za watoto wanaosaidiwa. Twende tukaulize."

Katika ofisi hiyo walimkuta afisa wa watoto anayeitwa Cherop. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya juu na haraka nyingi, lakini Edinah alipoanza kusimulia, alifunga mlango akakaa. Hakumkatiza. Edinah alipomaliza, Cherop alivuta pumzi.

"Nani amekuambia watoto ni wa boma?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu amekosea. Mtoto si mali ya boma. Si ng'ombe. Katiba ya Kenya, kifungu cha hamsini na tatu, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi. Baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Na inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, cha kwanza ni faida ya mtoto. Si ya baba. Si ya mama. Si ya ukoo."

"Na mahari je?"

"Mahari haimnunui mtoto. Hakuna korti itakubali hiyo."

Edinah alianza kulia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu mtu mwenye ofisi alikuwa amemwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuwa amekosea.

"Wazazi wakishindwa kuelewana mtoto aishi na nani, wanakwenda korti ya watoto," Cherop aliendelea. "Wewe unaomba ulezi. Maana yake, unaomba korti iamue kwamba watoto wakae nawe. Jotham anaishi Kanduyi na watoto wako Sirisia, kwa hivyo utafungua kesi Bungoma. Nitampigia mwenzangu wa huko. Yeye atatembelea watoto aone wanavyoishi, kisha aambie hakimu."

"Mimi sina wakili."

"Si lazima. Unaweza kujisemea mwenyewe. Karani wa korti atakuonyesha jinsi ya kuandika maombi yako. Uliza pia kuhusu msaada wa kisheria. Wako watu wa kusaidia." Kisha Cherop akamtazama. "Huo mkono ulipovunjwa, uliripoti?"

Edinah alitikisa kichwa. "Mama mkwe alinisihi. Alisema nitaaibisha boma. Hospitalini nilisema nimeanguka."

Cherop hakumlaumu. Lakini hakuficha ukweli pia. "Wanawake wengi husema hivyo. Halafu siku ya korti, aliyewapiga anakana. Mtu akikuumiza, mwambie daktari ukweli. Mwambie polisi. Polisi wa kwanza akikufukuza, muulize mkubwa wake. Na mtoto akiwa hatarini, piga simu ya watoto, 116. Hulipi kitu. Haya. Tutaanza na tulicho nacho. Na usiende kuwanyakua! Umenisikia? Ukiwanyakua, wewe na Jotham mtakuwa sawa."

Edinah alifungua kesi Bungoma. Karani alikuwa kijana mvumilivu. Alimwonyesha mahali pa kueleza watoto ni nani, waliishi wapi, walichukuliwa vipi na anaomba nini. Edinah aliapa kwamba yote aliyosema ni kweli. Kwa kuwa watoto hawakuwa shuleni, aliomba jambo lake lisikilizwe haraka.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alisoma, kisha akatoa amri ya kwanza. Watoto waende shule mara moja, hapo Sirisia, na wasihamishwe hadi kesi isikilizwe. Afisa wa watoto wa Bungoma aende akawaone.

"Nilitaka waje nyumbani leo," Edinah alimwambia Cherop kwenye simu, akiwa amesimama nje ya korti.

"Najua. Lakini hakimu bado hajasikiliza upande wa pili. Vumilia."

Kuvumilia kulikuwa kugumu. Siku ya kusikizwa kwa kesi ilipofika, Jotham hakuja. Ati alikuwa mgonjwa. Kesi ikaahirishwa. Jioni hiyo hiyo Edinah alipita Kanduyi kwa matatu, akamwona mbele ya duka lake akipakia mbao kwenye lori. Alitaka kushuka amtukane mbele ya watu wote. Aliuma meno akaenda zake. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku nyingine ya Vivian kubeba maji. Sheria ilikuwa upande wake, lakini ilitembea polepole, na mtu mwenye hila alijua kuichelewesha.

Mara ya pili hakimu hakutaka kusikia habari ya ugonjwa. Jotham alikuja. Alikuja na wakili anayeitwa Gachanja, mwenye suti nyeusi na viatu vya kung'aa. Alikuja pia na mama yake, Nasike, awe shahidi wake.

Edinah alisimama akasimulia mambo yake. Alisimulia yote, tangu Kanduyi. Ndipo Gachanja akaanza maswali.

"Mama, ni kweli unafanya kazi hotelini?"

"Ndiyo."

"Mahali wanaume wanaingia na kutoka?"

"Wanaume wanaingia kula chapati."

Watu wachache walicheka. Gachanja hakucheka.

"Ni kweli hakuna mwanaume nyumbani kwako?"

"Hakuna."

"Ni kweli unalala na watoto katika chumba kimoja? Kimoja tu? Na baba yao ana nyumba ya vyumba vinne Kanduyi?"

Edinah alisikia uso ukiwaka moto. Huyu mtu alitaka kuufanya umaskini wake uwe dhambi. Alitaka kupiga kelele. Lakini Cherop alikuwa amemwonya kwamba akipiga kelele, atakuwa amempa wakili kitu cha kusema.

"Ndiyo, wakili. Ni chumba kimoja," alisema taratibu. "Lakini ndani ya chumba hicho hakuna mtu anayepigwa."

Gachanja akapekua makaratasi yake.

"Hujawahi kuripoti kwamba ulipigwa. Hospitalini ulisema ulianguka. Ulidanganya hapo, au unadanganya hapa?"

"Nilidanganya huko. Niliogopa."

"Sina swali lingine," Gachanja alisema, akakaa kama mtu aliyeshinda.

Afisa wa watoto wa Bungoma alieleza alichokiona. Watoto walikuwa wameandikishwa shule baada tu ya amri ya korti. Walilala kwa nyanya yao Sirisia. Kwenye ile nyumba ya vyumba vinne Kanduyi hawakuwahi kulala hata siku moja.

Halafu Nasike akaitwa. Alitembea polepole, akiegemea viti. Gachanja alimuuliza kama anawapenda wajukuu wake. Alisema anawapenda. Alimuuliza kama wanakula kwake. Alisema wanakula. Alimuuliza kama mama yao alikuwa akiwaacha na njaa. Nasike akasema kwa sauti ndogo, "Nilisikia hivyo."

Hakimu alimgeukia Edinah. "Kwa vile huna wakili, unaweza kumuuliza maswali wewe mwenyewe."

Edinah alisimama. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alimtazama yule mama mzee aliyewahi kumfundisha kupika mboga ya mrenda na kumbembeleza Vivian akiwa na homa.

"Mama," alisema, "mkono wangu ulipovunjika, nani aliufunga na leso tukaenda hospitali ya Lugulu?"

Nasike alishika ukingo wa kizimba. "Ni mimi."

"Nilianguka?"

Gachanja alisimama kupinga. Hakimu akamwambia akae.

"Mama, nilianguka?" Edinah aliuliza tena.

Nasike alimtazama Jotham. Jotham alikuwa amekunja uso, akimtikisia kichwa. Mama mzee akamgeukia hakimu.

"Hapana. Hakuanguka. Ni kijana yangu alimpiga. Nilikuwa nimewatembelea, niko jikoni. Nilisikia mkono ukilia." Machozi yalianza kumtoka. "Ni mimi nilimwambia asiseme. Niliona aibu."

"Mama!" Jotham alipaza sauti.

"Nyamaza!" Nasike alijibu, na sauti yake haikuwa ndogo tena. "Uliniambia niseme huyu aliwaacha na njaa. Mimi sikuona hiyo. Walikuja wakiwa wanono. Uliniambia unataka kulea watoto wako. Wewe huja Jumapili, unakula, unaenda. Miguu yangu imeisha. Huyu msichana mdogo ndiye ananichotea maji. Ndiye ananipikia. Umeleta watoto au umeleta mfanyakazi?"

Jotham aliinamisha kichwa. Gachanja alifunga faili yake.

Baadaye hakimu alizungumza na watoto ofisini mwake, mbali na wazazi. Vivian alisimulia siku nyingine kwamba hakimu alivua miwani akawapa maji ya kunywa. Aliwauliza wanapenda somo gani. Aliwauliza wanalala vizuri wapi. Derrick alijibu haraka, "Kwa mama, karibu na cherehani."

Hakimu alisoma uamuzi wake bila haraka. Watoto wataishi na mama yao Kitale. Umaskini wa mzazi si sababu ya kumnyang'anya watoto anaowatunza vizuri. Mahari haihusiki. Kumtumia mtoto kumlazimisha mama arudi kwenye nyumba alimopigwa ni kumdhulumu mtoto na mama pamoja. Jotham atasaidia chakula na masomo ya watoto, kwa sababu kuishi mbali hakumwondolei jukumu. Atawaona watoto mara moja kwa mwezi, kwenye ofisi ya watoto Kitale, afisa akiwepo.

Edinah, aliyekuwa akitabasamu, alisimama ghafla. "Mheshimiwa, baada ya haya yote, bado awaone? Kwa nini?"

Hakimu hakukasirika. "Mama, hii si zawadi kwake. Kumjua baba yake ni haki ya mtoto. Nimeiwekea ulinzi ili mtoto asiumie. Jotham akifuata amri vizuri, korti inaweza kuongeza nafasi hiyo. Akivunja amri, atanijibu mimi. Na wewe ukimzuia bila sababu, utanijibu mimi vilevile."

Edinah alikaa. Maneno hayo yalimuuma. Alitaka Jotham apoteze kila kitu, kama Jotham alivyotaka yeye apoteze. Ilimchukua muda kukubali kwamba korti haikukaa pale kulipiza kisasi chake.

Hata baada ya hapo Jotham alijaribu. Edinah alipofika Sirisia na afisa wa watoto, alikuta amefunga lango kwa mnyororo. Lakini safari hii Edinah alikuwa na amri ya korti. Askari wawili walikuja, tena kutoka kituo kile kile kilichomfukuza. Mmoja wao alikuwa yule yule wa zamu. Alisoma amri, akamtazama Edinah, akatazama pembeni.

"Mama, siku ile..." alianza.

"Siku ile ulikosea," Edinah alisema. "Kesho akija mwingine, usimwambie arudi nyumbani. Mwonyeshe ofisi ya watoto iko wapi."

Askari aliitikia kwa kichwa. Hawakuhitaji kuvunja mnyororo. Nasike alitoka na ufunguo, akafungua yeye mwenyewe. Vivian na Derrick walitoka mbio na nguo zao kwenye mfuko.

"Nisamehe, mwanangu," Nasike alimwambia Edinah.

Hasira ilikuwa bado iko. Lakini Edinah alisema, "Utakuja kuwaona, mama. Mlango wetu haufungwi kwako."

Vivian alikuwa amebaki nyuma darasani. Mwalimu wake alimsaidia baada ya masomo, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amewafikia wenzake. Derrick kwa wiki nyingi alimfuata mama yake hata chooni, akiogopa kuachwa. Polepole aliacha. Mwezi wa kwanza baada ya uamuzi, Jotham hakuja kuwaona, na Cherop akamwandikia barua kali. Mwezi wa pili alikuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ofisini, mtu wa maneno mengi akiwa hana la kusema, hadi Derrick alipomwonyesha jino lililotoka. Nasike alikuja Desemba na mkungu wa ndizi. Alilala nao katika chumba kile kimoja, akasema hajalala vizuri hivyo tangu Agosti.

Siku moja mwezi wa Februari, mwanamke kijana aliingia hotelini akilia. Jina lake lilikuwa Fadumo. Aliuza nguo za watoto sokoni. Mume wake, ambaye waliachana, alikuwa amemchukua mtoto wao mwenye miaka mitatu, akasema hatamrudisha hadi Fadumo arudi kwake. Wateja walimzunguka wakimpa maoni.

"Pole, mama. Lakini si urudi tu?" fundi mmoja wa baiskeli alisema. "Kwa ajili ya mtoto."

"Ni kweli, bana," mwingine aliunga mkono. "Mambo ya nyumba yanaisha nyumbani."

Edinah alitoka jikoni, mwiko bado uko mkononi.

"Nani amesema arudi?" aliuliza.

Fundi yule alishusha kikombe chake.

"Niambieni! Kuna mmoja wenu amemuuliza kwa nini aliondoka?"

Fundi wa baiskeli alitazama sahani yake. Edinah alimpa mwenzake mwiko, akavua aproni, akamshika Fadumo mkono.

"Dada, futa machozi. Ofisi ya watoto inafungwa saa kumi na moja, na kwa miguu si mbali. Njiani utanieleza kila kitu, tangu mwanzo."

Wakatoka pamoja.